Siku ya Homa Usiache Predinisoloni

Ukishikwa na malaria Mwanza, ushauri utakaoupata haraka kutoka kwa jirani ni huu: zile dawa zako nyingine ziweke pembeni kwanza, umalize dawa mseto, zisije zikagombana tumboni. Anayekushauri hivyo anakutakia mema. Lakini kwa mtu anayemeza predinisoloni kila siku, kufuata ushauri huo kunaweza kumwua katika siku chache, na wengi watadhani ameuawa na malaria.

Mwongozo huu ni wa mwenye baridi yabisi, lupasi, pumu sugu, figo inayovujisha protini, vidonda vya utumbo visivyopona, au ugonjwa mwingine wowote wa kudumu ambao daktari ameamua kuutuliza kwa steroidi kama predinisoloni. Ni wa ndugu anayemwuguza pia, tena yeye asome kwa makini zaidi, kwa sababu siku yenyewe mgonjwa anaweza kushindwa kujieleza.

Dozi zilizotajwa humu ni za mtu mzima, na ndizo zinazotumiwa kwa kawaida. Dozi yako wewe iandikwe na daktari wako kwenye karatasi, ukiwa bado mzima. Ya mtoto hupangwa kwa umbo na uzito wake. Usiikisie kutoka hapa.

Kwa nini

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizi mbili hutengeneza homoni iitwayo kotisoli, na kazi ya kotisoli inayotengenezwa kwa siku ni karibu sawa na ya predinisoloni miligramu 5. Homoni hiyo ndiyo inayoshikilia shinikizo la damu lisianguke na sukari isishuke. Siku ya homa kali, ajali au upasuaji, tezi zenye afya huongeza kiasi hicho mara kadhaa bila wewe kujua.

Ukimeza steroidi kwa wiki nyingi, ubongo unaona kotisoli imejaa kwenye damu na unaacha kuziagiza tezi. Nazo hunywea, kama kibarua ambaye hajaitwa kazini mwaka mzima: siku ukimhitaji ghafla, hana nguvu ya kubeba gunia. Kwa hiyo unapougua, mwili wako unadai kotisoli zaidi, na pa kuitoa ni kwenye kile kidonge tu. Ukikiacha siku hiyo, umekata mara mbili: umeondoa mgao wa kawaida na umeinyima homa mgao wake wa ziada.

Onyo hili si jipya. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa mgonjwa wa baridi yabisi steroidi iitwayo kotisoni kwa mara ya kwanza. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeusz Reichstein. Kufikia 1952 ilikuwa imechapishwa taarifa ya mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa akitumia kotisoni, akafa baada ya upasuaji, na tezi zake zikakutwa zimenywea. Ni zaidi ya miaka 70 sasa.

Je, unahusika?

Jihesabu ndani ikiwa lolote kati ya haya ni lako:

- Unameza predinisoloni miligramu 5 au zaidi kila siku, na zimepita wiki nne au zaidi.
- Uliacha steroidi ndani ya miezi 12 iliyopita baada ya kuitumia muda mrefu. Tezi huchelewa kuamka.
- Unapewa dozi fupi za nguvu mara kwa mara, kwa mfano kila pumu inapobana.
- Unachomwa sindano za steroidi kwenye maungio mara kwa mara, au unavuta steroidi ya pumu kwa dozi kubwa.
- Unameza deksamethasoni, yaani deksa. Hapa wengi hujidanganya kwa udogo wa namba: deksa miligramu 0.75 ina nguvu ya predinisoloni miligramu 5.

Kuna pia kundi lisilopenda kutajwa. Wapo wanaomeza deksa ili wanenepe au wapate hamu ya kula, na wapo wanaojipaka mkorogo wenye steroidi kali mwili mzima kwa miezi. Tezi haziulizi kama dawa iliandikwa na bingwa au ilinunuliwa kwa siri. Kama ni wewe, mwambie tabibu. Aibu ya dakika tano haina uzito mbele ya shinikizo la damu linaloanguka bila mtu kujua sababu.

Jiandae ukiwa mzima

1. Ukienda kliniki, iwe Bugando, Sekou Toure au hospitali ya wilaya yako, muulize daktari swali moja kwa maneno haya: “Nikipata homa nimeze ngapi, na nikitapika nifanye nini?” Majibu yaandikwe kwenye daftari lako, na ayasaini.

2. Usingoje kidonge cha mwisho. Weka akiba ya wiki mbili ambayo haiguswi, kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana. Anayeishi kambi ya dagaa aiweke mbali na unyevu wa mtumbwi. Tazama tarehe ya kuisha muda kila unaponunua mpya, utangulize za zamani.

3. Nunua kipimajoto. Predinisoloni hufunika homa: maambukizi ambayo kwa mwenzako yangeleta joto la 39, kwako yanaweza kuleta 37.8 na uchovu tu. Kiganja cha mama kwenye paji la uso hakitoshi.

4. Uliza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kama wana sindano ya haidrokotisoni, steroidi ya kuchomwa usipoweza kumeza kidonge. Ni dawa ya zamani, hutumika pia kwa pumu kali na mzio mkali. Kama hawana, ujue sasa, si saa nane za usiku, na umwulize daktari wako kama anaweza kukuandikia chupa moja ukae nayo nyumbani. Akikubali, ndugu yako mmoja afundishwe na nesi kuchanganya na kuchoma.

5. Omba upimwe minyoo. Ukanda wetu wa ziwa unafahamika kwa kichocho, lakini mnyoo wa kuogopwa na mtumia steroidi ni strongiloidi, anayeingia kupitia ngozi ya miguu pekupeku. Kinga ikishushwa na steroidi, anaweza kuzaliana na kusambaa mwili mzima. Prazikwanteli uliyopewa kwa kichocho haimwui huyu. Dawa yake ni aivamektini.

6. Nakili kadi iliyo hapa chini, uiweke kwenye pochi, nyuma ya simu, na ndani ya daftari la kliniki.

---

KADI YA KUNAKILI

NATUMIA STEROIDI KILA SIKU. ISIKATISHWE.

Jina: ………… Simu ya ndugu: …………
Ugonjwa: …………
Dawa na dozi ya kila siku: …………
Nilianza mwaka: …………
Dawa nyingine: …………

Nikitapika dawa, nikizimia, nikiwa mahututi, nikipata ajali kubwa, nikifanyiwa upasuaji au nikishikwa na uchungu wa kujifungua:
– Haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au msuli, mara moja.
– Kisha miligramu 50 kila baada ya saa 6.
– Shinikizo likiwa chini: dripu ya maji ya chumvi, lita moja ndani ya saa ya kwanza, daktari akiangalia hali ya moyo na figo.
– Pima sukari.
– Vipimo vya maabara visicheleweshe sindano.

Saini ya daktari na kliniki: …………

---

Siku unapougua

*Mafua tu, kikohozi kidogo, kichwa kuuma, huna homa na unafanya kazi zako.* Meza dozi yako ya kawaida. Usiongeze.

*Joto limefika 37.5 au zaidi, au umepimwa ukakutwa na malaria, au umeandikiwa antibayotiki, au umelala kitandani huwezi kazi.* Fuata hatua hizi:

1. Meza dozi ya leo kama hujaimeza. Hili linatangulia hata safari ya kwenda kupima.

2. Kama kawaida yako ni chini ya miligramu 10 kwa siku, panda hadi jumla ya 10: miligramu 5 asubuhi, 5 jioni. Kama kawaida yako ni 10 au zaidi, mara nyingi jumla hiyo inatosha, ila igawanye nusu asubuhi na nusu jioni ili usiku usikukute mtupu. Tuseme dada wa Igoma anameza 5 kila asubuhi: siku ya homa atameza 5 saa mbili asubuhi na 5 nyingine saa kumi jioni. Mzee wa Nansio anayemeza 20 atagawa 10 kwa 10. Wapo madaktari wanaopendelea kuongeza maradufu. Kama wako ameandika hivyo, fuata lake.

3. Ya jioni isivuke saa kumi au saa kumi na moja. Ukiimeza usiku, utakesha ukihesabu mabati.

4. Kula kitu kwanza, hata kikombe cha uji. Na usimeze diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya maumivu. Zikikutana na predinisoloni tumbo linachubuka na linaweza kuvuja damu. Parasetamoli inatosha.

5. Nenda ukapime. “Nasikia dalili za malaria” si kipimo. Uchovu, viungo kuuma, kichefuchefu na tumbo kunyonga ni dalili za malaria, za taifodi, na pia za mwili uliokosa kotisoli. Ukinunua mseto dukani bila kupima, ukapata nafuu ya uongo ya siku moja, umepoteza siku ambayo huna.

6. Kunywa maji mengi, na ORS kama unaharisha.

Endelea hivyo hadi homa iishe, na siku moja au mbili zaidi. Kama uko kwenye antibayotiki, endelea hadi uzimalize.

Malaria, na jibu unaloweza kupewa

Dawa mseto na predinisoloni huenda pamoja. Meza zote mbili.

Ila unaweza kukutana na mtaalamu atakayesema, tena kwa uhakika, kwamba steroidi hazitolewi kwenye malaria kali. Hajakosea alichosoma. Mwaka 1982 David Warrell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Thailand, ukaonyesha kuwa deksamethasoni iliyotolewa kama tiba ya malaria iliyopanda kichwani iliwachelewesha wagonjwa kuzinduka na kuwaongezea matatizo. Lakini hapo ilitolewa kwa watu ambao tezi zao zilikuwa zinafanya kazi. Wewe huombi steroidi iitibu malaria. Unaomba urudishiwe kile ambacho mwili wako hautengenezi tena. Mwambie hivyo kwa upole, na umwonyeshe kadi:

“Shikamoo daktari. Mama yangu ana mwaka wa pili anatumia predinisoloni kwa ajili ya baridi yabisi. Leo ametapika dawa mara mbili. Tuliambiwa kliniki akiwa hivi achomwe haidrokotisoni. Kadi yake hii hapa.”

Taja jina la dawa, muda aliotumia na kilichotokea leo. Kuanza na historia ya ugonjwa tangu alipoolewa kutawachosha wote wawili.

Ukitapika

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu wanaendelea kujaribu kumeza nyumbani hadi giza linaingia.

1. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, meza tena dozi ileile.
2. Ukitapika na hiyo, mambo ya vidonge yameisha. Unahitaji sindano. Choma kama unayo na umefundishwa, kisha nenda hospitali. Kama huna, ondoka sasa hivi.
3. Kuhara sana ni sawa na kutapika: kidonge kinapita bila kufyonzwa.

---

ONDOKA NYUMBANI SASA KAMA

– Umetapika dawa mara mbili
– Ukisimama unaona giza au unaanguka
– Unasinzia ovyo, unaongea maneno yasiyoeleweka, au huamki vizuri
– Tumbo linauma sana, ngozi ina jasho la baridi
– Joto ni 38 au zaidi na halishuki baada ya siku moja ya matibabu
– Umekaa karibu na mwenye tetekuwanga au surua nawe hujawahi kuugua wala kuchanjwa: nenda hata kama huumwi chochote

---

Ndugu unayemsindikiza: usimpe mgonjwa anayesinzia kitu cha kumeza. Mlaze, mwinulie miguu, beba dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na daftari.

Wa visiwani

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema haamuliwi tena na foleni ya kivuko. Lakini wa Ukara, Maisome, Kome au Ukerewe bado anasikiliza ziwa, na ziwa likichafuka hakuna nahodha mwenye akili atakayekuvusha kwa sababu ya kutapika.

Ndiyo maana kanuni ya kisiwani iwe kali kuliko ya mjini Nyamagana. Wa mjini anaweza kungoja kutapika mara ya pili. Wewe ukitapika mara ya kwanza, anza kutafuta usafiri huku ukirudia dozi. Ukiacha kutapika, utakuwa umepoteza nauli tu. Homa ikianza asubuhi, uamuzi ufanywe asubuhi. Kwa mtu kama wewe, ile chupa ya haidrokotisoni ya kukaa nayo ni haki ya kudaiwa kliniki kwa nguvu, na aliyefundishwa kuchoma asiwe mvuvi anayelala ziwani.

Dawa nyingine ulizonazo

Methotreksati, ile ya mara moja kwa wiki, mara nyingi husimamishwa wakati wa maambukizi makali hadi upone. Mpigie daktari wako. Ndiyo maana ni hatari kusema “nimesimamisha dawa za baridi yabisi” bila kutaja ipi. Methotreksati inaweza kusubiri. Predinisoloni haisubiri.

Haidroksiklorokwini ya wenye lupasi huwa inaendelea. Ni ndugu wa klorokwini, na wapo wanaoamini inawakinga na malaria. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea, kwa hiyo chandarua kibaki pale pale. Ukiandikiwa mseto, mwambie tabibu kuwa unaitumia, maana zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha mwili kuivunja predinisoloni, hivyo dozi yako ya kawaida inakuwa pungufu bila wewe kupunguza chochote. Ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kufubaza VVU, hufanya kinyume chake: huifanya steroidi ijikusanye mwilini. Kliniki ya VVU (CTC) na kliniki ya baridi yabisi hazisomi daftari moja, kwa hiyo mpeleka habari ni wewe.

Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi siku za dozi ya juu. Na mwenye swaumu afungue: siku ya homa si siku ya kuruka kidonge cha mchana.

Makosa yanayojirudia

*Kuongeza kila ukiumwa magoti.* Ugonjwa wako ukiamka bila homa wala maambukizi, hiyo si siku ya kanuni hizi. Ni siku ya kupiga simu kliniki. Ugumu ni kwamba kuamka kwa ugonjwa na kupungukiwa kotisoli hufanana, hasa daktari anapokupunguzia dozi: viungo vinauma kwa vyote viwili. Kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu na kupungua uzito huashiria tezi zaidi kuliko magoti.

*Kubaki kwenye dozi ya homa.* Hili linaeleweka. Ukipandisha, mwili unakuwa mwepesi, hamu ya kula inarudi, na kupanda ngazi za Bugando hakukuchoshi tena. Lakini bei yake ni sukari, shinikizo, mifupa dhaifu, macho na maambukizi mapya.

*Kununua vidonge vitano vitano.* Mwenye duka la dawa akiishiwa, nawe umeishiwa. Ukikosa kabisa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

*Kumficha daktari wa meno.* Kung'olewa jino ni mshtuko kwa mwili. Mwonyeshe kadi kabla hajachukua koleo.

Ukipona

Kama ulipandisha kwa chini ya wiki moja, rudi moja kwa moja kwenye dozi yako ya zamani. Huna haja ya kushuka ngazi kwa ngazi. Ikiwa imezidi hapo, au ulilazwa na kuchomwa sindano, mwulize daktari akupangie namna ya kushuka.

Rudisha akiba ya wiki mbili uliyoigusa. Andika kwenye daftari tarehe, joto la juu kabisa, kipimo kilichosema nini na ulimeza ngapi. Kliniki ijayo mwulize daktari kama wakati umefika wa kupima kotisoli ya asubuhi, inayoonyesha kama tezi zimeanza kuamka. Damu ya kipimo hicho huchukuliwa kama saa mbili asubuhi, kabla ya kumeza dozi ya siku hiyo, kwa hiyo beba kidonge chako na andazi mfukoni, ukimeze mara tu ukitoka maabara.